Shajara ya mradi: kutafuta kwa nini gari la zamani linachemsha

Siku ya 1

Gari linaloandikiwa shajara hii ni saluni ya mwaka 1994 yenye injini ya petroli ya silinda 4 na ujazo wa lita 1.5, iliyolazwa kwa upana chini ya boneti, na rejeta yake hupozwa na feni ya umeme badala ya feni inayozungushwa na mkanda. Ugonjwa wake ni ule ambao kila fundi huutaja kwa neno moja, kwamba linachemsha. Likisimama kwenye foleni kwa muda wa zaidi ya robo saa, mshale wa joto huanza kuondoka katikati na kupanda polepole kuelekea alama nyekundu, na likipata nafasi ya kutembea kwa mwendo wa wastani mshale hushuka wenyewe. Kabla sijalichukua, gari hili lilikwisha kubadilishwa pampu ya maji na swichi ya joto ya rejeta kwa kukisia, na hali haikubadilika hata kidogo.

Nimejiwekea sharti moja kwa mradi wote: hakuna kifaa kitakachotolewa na kuwekwa kipya kabla kipimo hakijaonyesha kwamba kile cha zamani kimeharibika. Sharti hili linachosha, lakini pampu na swichi zilizobadilishwa bure zinatosha kuwa ushahidi wa njia nyingine inakofika.

Dalili ya kuchemsha gari likiwa limesimama na kupoa likitembea ina maana yake. Gari likiwa barabarani kwa kasi, upepo unaoingia kwenye grili hupita katikati ya mapezi ya rejeta bila kuhitaji feni; likisimama, upepo wote unategemea feni peke yake. Kinyume chake, gari linalopanda joto kwenye mwendo wa kasi au kwenye mlima huwa na shida ya mzunguko wa maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyochoka, au hosi ya chini inayonywea inapofyonzwa. Kwa hiyo mshukiwa wa kwanza ni feni na umeme wake. Jambo jingine nimeliandika pembeni bila kulielewa: asubuhi injini hii huchukua karibu dakika 20 za safari kabla mshale haujafika katikati, na hita ya ndani hutoa hewa ya uvuguvugu tu muda wote huo.

Sitautegemea mshale wa dashibodi kwa vipimo. Mishale mingi ya aina hii imetengenezwa itulie katikati kwa upana mkubwa wa nyuzi ili dereva asisumbuliwe na mabadiliko madogo, na inapoanza kuonekana ikisogea, joto limekwisha kupanda sana. Nitatumia kipimajoto cha infraredi, na kwa sababu chombo hicho hudanganywa na chuma au alumini inayong'aa, nimebandika vipande vya utepe mweusi usiong'aa kwenye shingo ya juu ya rejeta ambako maji ya moto huingia, kwenye shingo ya chini ambako hutoka yakiwa yamepoa, na kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, karibu na sensa ya joto. Vipimo vyote vya shajara hii vitachukuliwa hapo hapo, kila mara.

Kipimo cha msingi, hewa ya nje ikiwa nyuzi 31 za Selsiasi, kiyoyozi kimezimwa, injini ikinguruma kwa mwendo wa chini: baada ya dakika 18 shingo ya juu ilikuwa nyuzi 104 na bado ikipanda. Feni ilikuwa inazunguka. Nilizima injini hapo.

Siku ya 2

Ukaguzi wa injini ikiwa baridi kabisa, kwa sababu mfuniko wa rejeta haufunguliwi injini ikiwa moto: maji yaliyoshikiliwa na shinikizo juu ya nyuzi 100 hugeuka mvuke papo hapo shinikizo linapoachiwa, na mvuke huo huunguza uso na mikono kabla mtu hajapata nafasi ya kurudi nyuma.

Ndani ya rejeta kulikuwa na maji matupu yenye rangi ya kutu, bila dalili yoyote ya kulanti, yaani dawa ya kupozea injini inayochanganywa na maji. Kiasi kilikuwa pungufu kidogo, ilhali tanki la akiba lilikuwa limejaa hadi juu ya alama. Picha hiyo inaelekeza kwenye mfuniko. Mfuniko una valvu mbili: moja hufunguka shinikizo likizidi kiwango kilichoandikwa juu yake na kuruhusu maji yaende kwenye tanki la akiba, na nyingine ndogo hufunguka injini inapopoa ili maji yafyonzwe kurudi. Maji yakienda na yasirudi, valvu ndogo imeganda au mpira wake umekufa. Mfuniko huu umeandikwa 88 kPa (kilopaskali, kipimo cha shinikizo). Nilipoufunga kwenye pampu ya kupimia shinikizo uliachia kwenye 30 kPa. Nimeuweka mpya wa kiwango kilekile, na huo ni ubadilishaji wa kwanza uliotimiza sharti.

Inafaa nieleze mfuniko unafanya nini, kwa sababu watu wengi huupa kazi isiyokuwa yake. Maji matupu kwenye usawa wa bahari huchemka kwa nyuzi 100. Yakiwekewa shinikizo la ziada la 88 kPa huchemka kwa takriban nyuzi 118, na kwa 30 kPa kwa takriban nyuzi 107. Mfuniko hauipozi injini hata kidogo. Unayazuia maji yasigeuke mvuke wakati injini ikiwa moto, na kwa sababu mvuke hauchukui joto kutoka kwenye chuma kama maji yanavyochukua, mfuniko dhaifu hugeuza joto lililozidi kidogo kuwa hatari ya kupinda silinda hedi. Nilitarajia basi kwamba mfuniko mpya utaacha kumwaga maji kwenye tanki bila kushusha joto, na ndivyo ilivyokuwa: shingo ya juu ilifika nyuzi 104 tena, ila tanki la akiba halikufurika.

Mapezi ya rejeta yalikuwa na vumbi na wadudu waliokauka, hasa nyuma ya kondensa ya kiyoyozi ambako jicho halifiki. Niliyaosha kwa maji ya shinikizo la chini kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa sababu kuosha kutoka mbele huusukuma uchafu uingie ndani zaidi. Baada ya kuosha, kipimo kilekile kilionyesha nyuzi 103 kwenye dakika ya 20. Kuna nafuu, lakini ni ndogo mno kuwa jibu.

Siku ya 3

Leo nilipoteza muda mwingi kwa kufuata ushauri wa kawaida bila kuangalia mchoro wa umeme.

Ushauri wenyewe ni huu: chomoa plagi ya swichi ya joto iliyo chini ya rejeta, unganisha ncha za plagi kwa kipande cha waya, washa swichi ya kuwashia, na feni ianze kuzunguka. Nilifanya hivyo na feni haikuzunguka. Nilikaribia kuandika kwamba waya umekatika mahali. Nilipoondoa kipande cha waya na kuacha plagi ikining'inia, feni iliwaka yenyewe, na nilishukuru kwamba mkono wangu haukuwa karibu na mapanga.

Katika gari hili, kama katika mengine kadhaa ya umri wake, swichi hufanya kazi kinyume. Maji yakiwa baridi, swichi imefunga na kuipa koili ya rilei, yaani swichi inayoendeshwa na sumaku ya umeme, njia ya kwenda ethi, yaani bodi ya gari inayorudisha umeme kwenye ncha hasi ya betri. Koili ikipata umeme huvuta ulimi wa rilei, na ulimi ukivutwa hukata umeme wa feni. Maji yakipata joto, swichi hufunguka, koili huachia, springi hurudisha ulimi mahali pake na feni hupata umeme. Aliyebuni mpangilio huu alikuwa na busara, kwa sababu waya wa swichi ukikatika, feni itazunguka muda wote badala ya kunyamaza na kuiacha injini iungue. Lakini upande wa pili wake ni kwamba mkondo wote wa feni hupita kwenye mgusano unaoshikiliwa na nguvu ya springi tu, na springi huchoka kwa miaka. Sikuliona umuhimu wa hilo hadi siku iliyofuata.

Swichi yenyewe niliitoa na kuitumbukiza kwenye sufuria ya maji pamoja na kipimajoto, ncha zake zikiwa zimeunganishwa na multimita. Ilifunguka kwa nyuzi 93 na kufunga tena maji yaliposhuka hadi nyuzi 84. Iko sawa. Niliirudisha na oringi mpya.

Siku ya 4

Feni inazunguka, na hilo ndilo lililowadanganya wote waliolitazama gari hili kabla yangu, nami pia kwa siku tatu. Leo nimeacha kuuliza kama inazunguka, nikauliza inazunguka kwa nguvu gani.

Jaribio la kwanza halikuhitaji chombo. Feni ikiwa imewashwa, nilisogeza karatasi ya kawaida ya kuandikia mbele ya grili. Feni yenye afya huifyonza karatasi ikaganda kwenye wavu. Hii iliivuta kidogo, kisha karatasi ikateleza na kuanguka. Mwelekeo wa upepo ulikuwa sahihi, kutoka mbele kwenda kwenye injini, kwa hiyo hakuna aliyewahi kugeuza nyaya za mota. Nilizungusha mapanga kwa mkono, betri ikiwa imefunguliwa upande wa hasi: hayakugusa kava, shafti haikuwa na mchezo, na hakukuwa na mkwaruzo wa beringi.

Baadaye nilipima volti, injini ikiwa inanguruma na feni ikiwa kazini. Kwenye ncha za betri kulikuwa na volti 13.9. Kwenye plagi ya mota ya feni, kati ya waya wake chanya na waya wake hasi, kulikuwa na volti 8.9. Volti 5 kamili zilikuwa zinapotea njiani kati ya betri na mota. Nilirudia kipimo mara tatu kwa sababu sikukiamini.

Njia ya kumpata mwizi ni kupima kila kipande cha njia kikiwa na mzigo: ncha moja ya multimita mwanzoni mwa kipande na nyingine mwishoni, feni ikiwa inazunguka. Kipande kizima kitaonyesha karibu na sifuri. Kibovu kitaonyesha volti zinazopotelea ndani yake. Nilianza kwenye betri na kufuata umeme hadi mwisho. Kuanzia betri hadi baada ya fyuzi ya ampea 30, zilipotea volti 0.4. Kupita kwenye rilei, zilipotea volti 2.6. Kuanzia rilei hadi plagi ya mota, volti 0.6. Na kutoka waya hasi wa mota kurudi kwenye ncha hasi ya betri, volti 1.4. Jumla yake ni 5.0, kwa hiyo hakuna kilichobaki bila maelezo. Kwa saketi nzima ya feni kama hii, nisingependa kuona zaidi ya volti 1 ikipotea, na kwenye mgusano mmoja zaidi ya volti 0.2.

Nilibana waya kwa mita ya ampea na kupata ampea 6.5. Zidisha na volti 2.6 za rilei na utapata takriban wati 17 zinazogeuka joto ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachotoshea kiganjani. Nilipoivuta rilei kutoka kwenye soketi, plastiki yake ilikuwa imebadilika rangi kuwa kahawia upande mmoja, na mguu mmoja wa shaba ulikuwa na weusi wa kuungua. Nilipoikata, sehemu mbili zinazogusana ndani zilikuwa zimechimbika na kufunikwa na masizi.

Hapa lazima niandike kosa ambalo ningelifanya kama ningetegemea kipimo cha omu. Jana nilikwisha kuipima rilei hii ikiwa mezani: koili ilikuwa na omu 75, ililia kwa sauti safi kila ilipopewa umeme, na mgusano wake ulionyesha omu 0.6. Nyaya za multimita yangu peke yake, zikigusanishwa, huonyesha 0.3, kwa hiyo nilichukulia zilizobaki kuwa si kitu. Lakini volti 2.6 gawanya kwa ampea 6.5 ni omu 0.4 kamili, na omu 0.4 ambazo hazina maana kwenye saketi ya taa ndogo ya dashibodi ni maangamizi kwenye saketi ya mota. Rilei inayolia inathibitisha kwamba koili yake ni nzima. Haithibitishi chochote kuhusu mgusano. Ningependa kila anayetengeneza magari ya umri huu aipime njia ya feni ikiwa imebeba mzigo kabla hajagusa kitu kingine chochote.

Waya wa ethi wa feni umefungwa kwa boliti kwenye fremu karibu na taa ya mbele. Rangi, kutu na tabaka la kijani la shaba iliyooza vilikuwa vimejaa chini ya pete yake.

Siku ya 6

Matengenezo ya umeme. Rilei mpya ya aina ileile, yenye mgusano uliofungwa koili ikiwa haina umeme. Rilei ya kawaida ya miguu minne inayofungua kinyume chake ingeiwasha feni injini ikiwa baridi na kuizima ikiwa moto, na kosa hilo ni jepesi kufanyika kwa kuwa kwa nje zinafanana. Soketi yake pia nimeibadilisha kwa sababu mguu ulioungua ulikuwa umelegeza klipu ya ndani, na rilei mpya kwenye klipu iliyolegea ingeungua vilevile. Kwenye plagi ya mota nilikata ncha moja iliyokuwa imegeuka kijani, nikabana mpya kwa koleo la kubania na kulehemu. Pete ya ethi niliing'oa, nikakwangua fremu hadi chuma cheupe, nikafunga kwa boliti safi na kupaka grisi juu yake ili unyevu usirudi.

Vipimo baada ya kazi: betri volti 13.8, mota volti 13.2, mkondo ampea 10.5. Karatasi iliganda kwenye grili na haikuanguka hadi nilipozima. Kwa kuwa mota hii huzunguka karibu sawia na volti inayopewa, na kiasi cha upepo hufuata kasi ya mapanga, feni ilikuwa ikifanya kazi kwa theluthi mbili tu ya uwezo wake, na kila aliyeitazama aliona mapanga yakizunguka na kuondoka ameridhika.

Jaribio la kusimama, hewa ya nje nyuzi 30: feni iliwaka, ikashusha joto, ikazima. Iliwaka tena baada ya dakika 4. Kwa dakika 45 shingo ya juu haikupita nyuzi 95. Sikuwahi kuisikia feni hii ikizima yenyewe tangu nilipolipokea gari.

Siku ya 7

Furaha ya jana ilidumu hadi mlima wa kwanza. Nikiwa na abiria wanne, gia ya pili, mizunguko 3,500 kwa dakika, mshale uliondoka katikati baada ya dakika 6 za kupanda. Nilisimama mahali salama na kupima kabla ya kuzima: silinda hedi nyuzi 108, shingo ya juu 99, shingo ya chini 61.

Tofauti ya nyuzi 38 kati ya shingo mbili ni kubwa. Injini ikiwa na joto la kawaida na maji yakizunguka vizuri, ningetarajia kitu kama nyuzi 10, labda 15. Tofauti kubwa ina maana kwamba maji yanayopita kwenye rejeta ni machache na yanakaa humo muda mrefu, hadi yanatoka yamepoa sana, huku injini ikikosa maji ya kutosha. Rejeta iliyoziba ndani hutoa picha hiyo hiyo, na kwa muda niliamini nimeipata. Lakini rejeta iliyoziba huwa na mabaka ya baridi mahali mirija isipopitisha maji. Nilikagua uso mzima wa rejeta kwa kipimajoto, mstari kwa mstari, na joto lilishuka kwa utaratibu kutoka juu hadi chini, bila baka hata moja.

Nilifanya pia jaribio la gasketi ya silinda hedi, ambayo ikiungua huruhusu moshi wa injini uingie kwenye maji, kwa ile dawa ya buluu inayowekwa juu ya shingo ya rejeta na kugeuka manjano ikikutana na gesi ya moshi wa injini. Baada ya dakika 10 ilibaki buluu. Hosi ya chini haikunywea hata kwa mizunguko 3,000. Pampu ni mpya na mkanda wake umekazwa.

Jioni nilirudi kwenye ukurasa wa siku ya kwanza, nikasoma ile sentensi niliyoiandika pembeni kuhusu injini kuchelewa kupata joto asubuhi.

Siku ya 9

Nilifungua nyumba ya themostati, ile valvu inayofunguliwa na joto ili maji yaende kwenye rejeta. Ndani hapakuwa na kitu. Gasketi ilikuwapo, boliti mbili zilikuwapo, na themostati haikuwapo.

Kuondoa themostati kwenye gari linalochemsha ni dawa ya zamani, na wanaoitumia huamini kwamba wameyafungulia maji njia. Kwa injini za aina hii imani hiyo ni kosa, na ninataka kueleza kwa nini kwa ukamilifu, kwa sababu nimekuta maelezo machache yanayolifikia jambo hili.

Injini hii ina njia ya mchepuko: mfereji mfupi unaorudisha maji ya moto kutoka silinda hedi moja kwa moja hadi kwenye pampu bila kupitia rejeta. Kazi yake ni kuyazungusha maji ndani ya injini wakati themostati bado imefungwa, ili chuma kipate joto kwa usawa. Themostati yenyewe ina sahani mbili kwenye shina moja linalosukumwa na nta inayotanuka kwa joto. Injini ikiwa baridi, sahani kubwa imefunga njia ya rejeta na mchepuko uko wazi. Nta ikiyeyuka na kusukuma shina, sahani kubwa hufungua njia ya rejeta, na wakati huo huo sahani ndogo huusogelea mdomo wa mchepuko na kuuziba. Kwa hiyo themostati hii hufungua njia moja na kufunga nyingine. Ukiitoa, mchepuko hubaki wazi siku zote. Maji hufuata njia iliyo nyepesi, na mchepuko mfupi na mpana ni mwepesi kuliko mirija myembamba ya rejeta. Sehemu kubwa ya maji hurudi kwenye injini yakiwa na joto lake lote.

Dalili zote mbili zinaelezeka kwa kasoro hii moja. Asubuhi hakuna kinachozuia maji baridi ya rejeta kuingia kwenye injini, ndiyo maana dakika 20. Mlimani, joto ni jingi kuliko kiasi kidogo cha maji kinachofika kwenye rejeta kinavyoweza kubeba, ndiyo maana nyuzi 108. Gari likiwa limesimama injini hutoa joto dogo, na feni iliyopona ilitosha kuufunika upungufu huo.

Themostati mpya imeandikwa nyuzi 82. Niliitumbukiza kwenye maji kabla ya kuifunga: ilianza kufunguka kwa nyuzi 83 na kuwa wazi kabisa karibu na nyuzi 95, shina likiwa limesogea milimita 9. Kivalvu chake kidogo cha kutolea hewa kimekaa juu, kama inavyotakiwa, ili hewa iliyonaswa ipate pa kutokea.

Siku ya 10

Niliosha mfumo kwa maji safi mara nne hadi yakatoka meupe, kisha nikajaza mchanganyiko wa nusu kulanti ya ethilini glaikoli na nusu maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huu hubeba joto kidogo kuliko maji matupu, jambo ambalo huwafanya wengine waudharau, lakini una dawa za kuzuia kutu, nazo ndizo zilizokuwa zikikosekana katika maji ya kahawia ya siku ya 2.

Mfumo una ujazo wa lita 5.5, na mwanzoni ulipokea lita 4.2 tu. Zilizobaki zilikuwa hewa. Nilipandisha pua ya gari, nikafungua hita hadi mwisho wa joto, nikaacha mfuniko wazi injini ikipata joto kutoka baridi, na kuminya hosi ya juu mara kwa mara hadi mapovu yakakoma. Hewa iliyobaki karibu na sensa huifanya isome mvuke badala ya maji, na mshale huweza kuonyesha baridi huku silinda hedi ikiungua; kwa hiyo sikuharakisha. Mwisho zilikuwa zimeingia lita 5.4.

Siku ya 12

Mlima uleule, abiria wanne, gia ileile, hewa ya nje nyuzi 32. Silinda hedi nyuzi 94, shingo ya juu 92, shingo ya chini 80. Mshale haukusogea. Kutoka baridi hadi katikati asubuhi ilichukua dakika 7, na hita inatoa hewa ya moto.

Siku ya 33

Wiki tatu za matumizi ya kila siku. Kiwango cha kulanti kwenye tanki la akiba hakijashuka na rangi yake bado ni safi. Nimepima tena njia ya feni ikiwa na mzigo: betri volti 13.8, mota volti 13.1. Nilipokuwa hapo nilipima pia feni ya pili, ya kondensa ya kiyoyozi, ambayo rilei yake ni ya umri uleule na haijawahi kuguswa. Inapoteza volti 1.1. Soketi yake bado haijabadilika rangi. Nitaibadilisha Jumamosi pamoja na kusafisha ethi yake, na hadi hapo kiyoyozi hakitawashwa gari likiwa kwenye foleni.